Taa ya Upepo Inapowaka Baada ya Kubadilisha Magurudumu

Mada kwa watumiaji wa magari wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Tuzungumze jambo moja linalohusu mfuko wa mtumiaji na usalama wake barabarani.

Jambo hilo ni taa ndogo ya manjano inayowaka kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Kazi yake ni kumwarifu dereva kwamba upepo wa tairi umepungua. Lakini mara nyingi taa hiyo huwaka siku ileile mwenye gari anapobadilisha magurudumu, wakati matairi ni mapya na upepo umejazwa sawasawa. Hapo ndipo matatizo mawili huanza. Wako wanaolipa fedha nyingi kwa kazi ambayo gari halikuihitaji. Wako pia wanaoizoea taa hiyo mpaka siku tairi linapopungukiwa upepo kwelikweli, nao wasijue.

Nimechagua kulizungumza jambo hili kupitia magari ya umeme. Magari hayo bado ni machache katika mkoa wetu wa Manyara, lakini yameanza kuingia nchini, na mengi huja yakiwa yametumika. Anayenunua gari la namna hiyo hurithi matairi, rimu na vifaa ambavyo hakuvichagua yeye. Hata hivyo, karibu yote nitakayoyasema yanalihusu pia gari la petroli au dizeli lenye taa hiyo.

Kifaa hiki ni nini?

Kuna namna mbili za kupima upepo ndani ya gari. Namna ya kwanza hutumia kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Kihisi hukaa ndani ya rimu, aghalabu kikiwa kimeshikana na valvu, na kila gurudumu huwa na chake. Hupima upepo na kupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Kila kihisi kina namba yake ya utambulisho, na gari husikiliza zile namba lilizosajiliwa tu. Ndani yake mna betri ndogo iliyofungiwa kabisa, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 10. Ikiisha, kihisi kizima hubadilishwa.

Namna ya pili haina kihisi cha upepo ndani ya gurudumu. Gari hutumia vifaa vya breki vinavyohesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi lililopungukiwa upepo hufupika kidogo na kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake. Gari hulinganisha, kisha huonya. Gari la namna hii halihitaji kununuliwa kihisi chochote. Baada ya kubadilisha matairi au kujaza upepo, mwenye gari huliagiza lijifunze upya, kwa kitufe au kwa kioo cha dashibodi, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Tofauti hii ni ya kwanza kuifahamu, kwa sababu mtu aweza kuuziwa vihisi vinne kwa gari lisilovitumia.

Asili ya gari nayo ina maana. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2000, iliyotungwa baada ya ajali nyingi zilizotokana na matairi kupasuka, ilisababisha kifaa hiki kuwa cha lazima katika magari mapya madogo kuanzia Septemba 2007. Umoja wa Ulaya ulikilazimisha kwa aina mpya za magari tangu Novemba 2012, na kwa magari mapya yote tangu Novemba 2014. Japani haikuweka sharti kama hilo, hivyo magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kifaa hiki kabisa. Kwa hiyo magari mawili ya jina moja na umbo moja, moja likitoka Japani na jingine Uingereza, yaweza kutofautiana katika jambo hili. Usiamini jina la gari pekee. Washa gari lako bila kuondoka: taa zote za tahadhari huwaka kwa sekunde chache, kisha huzimika. Kama taa ya upepo haimo miongoni mwake, huenda gari lako halina kifaa hicho.

Kwa nini taa huwaka baada ya kubadilisha magurudumu?

Katika nchi za theluji, kama Norwei na Kanada, wenye magari wengi huwa na seti mbili za magurudumu, moja ya majira ya baridi na moja ya majira ya joto, na hubadilishana mara mbili kwa mwaka. Huko tatizo hili limezoeleka. Sisi hatuna theluji, lakini tunabadilisha magurudumu kwa sababu zetu wenyewe: rimu imepinda kwa mawe, tairi limechomwa na miiba, mtu anataka matairi ya kushika tope la masika, au amependa rimu pana zaidi. Sababu za taa kuwaka ni zilezile.

Sababu ya kwanza ni rimu mpya kutokuwa na vihisi. Vile vya zamani vimebaki ndani ya rimu zilizotolewa, na pengine zimekwisha kuuzwa pamoja navyo.

Ya pili ni vihisi kuwepo lakini kutozungumza lugha ya gari. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 315, na ya Ulaya hutumia megahezi 433. Kihisi cha masafa mengine hata kikiwa kipya hakitasikika. Magari ya umeme yameongeza tofauti nyingine: Tesla ilianza na vihisi vya redio ya kawaida, kisha ikahamia kwenye vihisi vya Bluetooth, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine, ijapokuwa rimu zinaingia vizuri.

Ya tatu ni vihisi kuwa sahihi lakini bado havijasajiliwa. Baadhi ya magari huvitambua yenyewe baada ya mwendo wa dakika 10 hadi 20 au zaidi. Mengine huagizwa kupitia dashibodi, na mengine huhitaji mashine ya fundi.

Ya nne ni betri ya kihisi kuisha, jambo la kutarajiwa katika gari lililokwisha kutumika miaka mingi ng'ambo.

Ya tano ni kihisi kuvunjika wakati tairi linang'olewa kwenye rimu. Chuma cha kung'olea tairi kikipita upande wa valvu hukikata mara moja.

Ya sita, ambayo haifai kusahauliwa kwa sababu ya zile tano, ni kwamba upepo umepungua kweli.

Tutatofautishaje? Katika magari mengi, taa ikiwaka na kutulia mara tu gari linapowashwa, maana yake tairi mojawapo lina upepo mdogo. Ikipepesa kwa muda wa dakika moja au dakika moja na nusu, kisha ikatulia na kubaki imewaka, maana yake mfumo wenyewe una hitilafu: gari halisikii kihisi kimoja au zaidi. Ishara ya kwanza yasema, "Tairi lina shida." Ya pili yasema, "Mimi sioni tena." Gari lisiloona haliwezi kukuonya, na tangu hapo kazi ya kulinda upepo imerudi mikononi mwako.

Upepo katika nchi yetu ya juu

Ndugu zangu, Mbulu na Hanang ni nchi ya miinuko, na miinuko hubadilisha vipimo. Hewa ikipoa, nguvu yake ndani ya tairi hupungua. Kwa tairi la PSI 36, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huondoa takriban PSI 1 na nusu hadi 2. Kwa upande mwingine, ukipanda juu, hewa ya nje huwa nyepesi, na geji husoma zaidi kwa takriban PSI 1 na nusu kwa kila mita 1,000. Gari lililojazwa upepo Dar es Salaam mchana wa joto likifika Mbulu hupata mabadiliko yote mawili kwa pamoja, moja likipunguza na jingine likiongeza. Ndiyo maana kipimo cha Dar es Salaam hakikutoshi. Pima tena hapa.

Pima asubuhi kabla ya safari. Tairi lililotembea huwa la moto na husoma upepo mwingi kuliko ulio halali. Ukilijaza mchana likiwa la moto mpaka kufikia kipimo cha kitabu, kesho yake asubuhi, katika baridi ya Juni au Julai, utalikuta limepungua. Taa ikiwaka alfajiri na kuzimika baada ya mwendo mfupi, usishangilie. Tairi limepata joto, halijapata upepo.

Fahamuni pia kwamba taa hii huchelewa. Kanuni ya Marekani hulitaka gari lionye upepo ukiwa umepungua kwa robo ya kipimo kilichowekwa. Tairi la PSI 36 laweza basi kushuka hadi PSI 27 kabla ya taa kuwaka. Kwa hiyo taa iliyozimika haithibitishi kwamba upepo uko sawa. Kipimo sahihi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, wala si kipimo cha kujazia.

Nasisitiza hili kwa sababu ya barabara zetu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Kwenye lami kati ya Babati na Singida, gari likiwa na abiria na magunia na dereva akikimbiza muda, joto hilo laweza kulipasua. Kwenye mteremko wa Magara, mtu anahitaji matairi manne yanayoshika barabara kwa usawa. Hapo hakuna nafasi ya kukisia.

Upekee wa gari la umeme

Gari la umeme ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Betri ya Nissan Leaf za kwanza pekee ina uzito wa karibu kilo 300. Hivyo tairi la gari hilo halichaguliwi kwa ukubwa wa rimu tu. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba ya uwezo wa kubeba: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, na 94 maana yake kilo 670. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba. Hupewa pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo yaweza kukufikisha kwa fundi, lakini ikiingia kwenye kihisi huweza kukiziba. Ukiitumia, mwambie fundi mapema ili asafishe rimu na kukagua kihisi. Anayekwenda mara kwa mara Haydom au Basotu, akaamua kununua gurudumu la akiba, amefanya jambo la busara. Ajue tu kwamba gurudumu hilo lisipokuwa na kihisi, taa itawaka kila linapofungwa, na hiyo si hitilafu mpya.

Kuna tahadhari ya jeki pia. Chini ya gari la umeme, sehemu kubwa ya tumbo imefunikwa na betri. Jeki huwekwa mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji tu. Jeki iliyowekwa chini ya betri yaweza kuharibu kifaa chenye thamani kuliko vingine vyote katika gari hilo, na kuhatarisha maisha ya anayelishughulikia.

Na nitamke wazi: taa ya upepo haina uhusiano na betri kubwa ya gari. Mtu akikuambia kwamba taa hii imewaka kwa sababu betri ya gari inakufa, mwombe akuonyeshe ushahidi kwa mashine ya kupimia, na usilipe chochote kabla ya kuuona.

Kabla ya kubadilisha, na baada ya kubadilisha

Kabla ya kununua rimu au vihisi, fanya mambo manne. Jua gari lako linatumia namna ipi kati ya zile mbili. Andika namba ya kifaa na masafa yanayotajwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kihisi cha zamani. Uliza kama vihisi vyako vya sasa vyaweza kuhamishiwa kwenye rimu mpya, kwa maana ikiwa bado ni vizima, hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo. Uliza pia nani atavisajili, kwa mashine gani, na kama gharama hiyo imo katika bei. Kazi ya kubadilisha matairi katika karakana isiyo na mashine hiyo yaweza kukulazimu kusafiri tena hadi Babati au Arusha, na nauli ya safari hiyo ni sehemu ya bei.

Kwa fundi wa pancha, ambaye ndiye mlinzi wetu wa kwanza huku vijijini, ombi ni dogo: auonye mkono wake kabla ya kung'oa tairi. Mwenye gari amwambie kwamba ndani mna kihisi, naye asianzie upande wa valvu. Kifuniko cha valvu kiwe cha plastiki, maana vile vya chuma cha bei nafuu hushikana na valvu kwa kutu, na valvu hukatika siku ya kukifungua.

Baada ya kubadilisha, jaza upepo kwa kipimo cha kibandiko, sajili vihisi au agiza gari lijifunze upya, kisha endesha umbali mfupi ukiwa karibu na karakana. Usilipe kiasi kilichobaki wala kuondoka kabla ya kuitazama taa. Ikibaki imewaka, pima matairi yote kwa geji kabla ya kufikiria jambo jingine. Yakiwa sawa, waweza kufika nyumbani kwa usalama, lakini uwe na geji yako ndani ya gari, na upime mara kwa mara mpaka mfumo utakaporekebishwa.

Jambo moja halifai kamwe: kuifunika taa kwa karatasi ya gundi au kuikata isiwake. Anayefanya hivyo kabla ya kuliuza gari amemficha mnunuzi jambo la usalama. Anayenunua gari lililotumika na ahakikishe, kama nilivyosema, kwamba taa inawaka gari linapowashwa na kuzimika baadaye.

Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi ambaye bidhaa yake hailingani na maelezo aliyopewa. Humlinda pia mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kusudi lake, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, kisha bidhaa ikawa haifai kwa kusudi hilo. Hapa pana somo kubwa. Usiseme tu, "Nipe vihisi vinne." Sema, "Nataka vihisi vya gari hili, la mwaka huu, lililotoka nchi hii," na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Maneno hayo machache huhamisha mzigo wa kukosea kutoka kwako kwenda kwa aliyekuuzia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Kuuza kihisi kilichokwisha kutumika kwa jina la kipya, au kudai malipo ya usajili usiofanyika, ni mambo yanayoweza kulalamikiwa. Dai risiti ya mashine ya EFD kila unaponunua. Tunza vifaa vya zamani mpaka uridhike. Piga picha ya dashibodi kabla ya kazi na baada ya kazi. Rudi kwanza kwa muuzaji au fundi kwa heshima, umweleze na umpe nafasi ya kurekebisha, kwani wengi hukosea kwa kutojua. Akikataa, andika lalamiko lako ukiambatisha risiti na picha, na ulifikishe kwa mamlaka husika.

Ndugu wananchi, magari yanabadilika, na vifaa vyake vinazidi kuzungumza nasi kwa taa na namba. Hatuhitaji sote kuwa mafundi ili tuvielewe. Geji ya upepo ya bei ndogo, kibandiko cha mlangoni, kitabu cha gari na risiti yenye maelezo kamili vinatosha kumlinda mtumiaji wa Mbulu na Hanang dhidi ya hasara nyingi. Taa ikiwaka baada ya kubadilisha magurudumu, usiiogope wala usiidharau. Shuka, pima, kisha uliza.